Msiba Hewa

Kile kituo sikukipenda tangu mwanzo, na leo ndiyo kabisa. Nasema mapema ili mtu asije akaniambia naandika kwa hasira. Ndiyo, naandika kwa hasira. Sasa?

Nilikuwa na stashahada ya kompyuta iliyokuwa inapigwa vumbi kabatini, na hapa Nachingwea, ukiondoa ofisi za wilaya na maghala ya korosho, kazi ya kukaa kwenye kiti haipatikani hivi hivi. Kwa hiyo chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam kilipofungua mjini kwetu tawi la kituo chake cha utafiti wa usalama wa mtandao kwa vitendo, na wakatafuta mwenyeji wa kuzunguka nao vijijini, niliomba nikapata. Waliniita msaidizi wa utafiti. Kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha njia, kuwasalimia wazee kwa niaba yao, na kukigeuza Kiswahili chao cha vitabuni kiwe Kiswahili cha watu.

Walipanga moja ya zile nyumba za zamani za Waingereza wa mradi wa karanga. Wakapaka rangi, wakafunga kiyoyozi, wakaweka mlango wa chuma unaofunguka kwa kadi. Nje ya mlango palikuwa na kabati la bati lenye vijumba vidogo vidogo, kama masanduku ya posta. Simu yako unaiacha humo, unafunga, unaingia ndani mikono mitupu. Simu ya mfanyakazi, walisema, ndiyo njia ya mwizi. Sikubisha. Nilikuwa mgeni wa mambo hayo, na mshahara wa kwanza ulikuwa bado haujaingia.

Sheria hiyo ilikuwa ya mkuu wa kituo, ambaye sote tulimwita Daktari. Si daktari wa sindano. Wiki ile ya kwanza akina mama walimletea watoto wenye homa, akawa anawaelekeza hospitali kwa sauti ya upole kabisa. Upole wake ndio ulionichosha. Mtu nadhifu, shati halikunjamani, hapandishi sauti, hakasiriki hata umwambie nini. Mimi mtu asiyekasirika simwamini.

"Sisi hatukai maktaba, dada," aliniambia. "Hiki ni kituo cha vitendo. Tunajifanya wezi, tunafanya kama wanavyofanya wao, ndipo tunajua watu wanaangukia wapi."

Utapeli upo, sikatai. Pale Lionja, kijijini kwetu, kuna mzee jirani aliyepigiwa simu na mtu mwenye sauti tamu, akamtajia namba yake ya siri kama anavyomtajia mjukuu, na malipo ya korosho zake za msimu mzima yakayeyuka. Mzee yule alikonda mpaka tukaogopa. Kwa hiyo kituo kilikuwa na sababu ya kuja. Laiti kingekuja, kikafundisha, kikaondoka. Lakini wapi!

Mama yangu anaishi hapo hapo Lionja, na mikorosho yake, ufuta kidogo na shamba la mihogo. Ana simu ya kiswaswadu iliyofungwa raba ili betri isidondoke. Na alikuwa na kaka mmoja, aliyeishi Ruangwa. Nasema kaka kwa heshima, maana ndivyo alivyomwita, ila yeye mama ndiye mkubwa na ndiye aliyembeba mgongoni. Katika tumbo la bibi yangu walibaki hao wawili tu. Kwetu mjomba si mtu wa pembeni. Mimi baba yangu sikumjua vizuri, mjomba ndiye aliyenipeleka shule, na aliponiona na cheti changu alinishika mkono akanitembeza nyumba kwa nyumba kama vile mimi ni ng'ombe aliyeshinda tuzo.

Miaka ya karibuni sukari ilimshika. Miguu ikawa inavimba, mara yuko hospitali, mara karudi. Na kila akilazwa, mama alikuwa na neno moja tu. "Mungu asinifanyie kama kwa mama. Akitangulia yeye, nimwone uso." Bibi alipokufa mama alikuwa mbali, akafika kaburi limeshakauka. Hilo lilimkaa rohoni maisha yake yote. Kumwona ndugu yake uso kabla hajafunikwa, basi. Hakuwa na jingine alilolitaka duniani kwa nguvu kama hilo, na sote katika ukoo tulilijua.

Sasa sikilizeni walichofanya.

Asubuhi moja mama yuko shambani, simu ikalia mlio wa ujumbe. Mama anasoma polepole, herufi kwa herufi, midomo ikicheza. Ujumbe ulisema: "Habari za majonzi. Ndugu yetu wa Ruangwa ametutoka asubuhi hii. Simu yangu imezima, natumia namba hii. Tuma chochote cha sanda kwa namba hii."

Ndugu yetu wa Ruangwa. Nionyesheni mtu wa Lionja asiye na ndugu Ruangwa.

Mama hakutuma kitu. Hakupiga simu, wala hakujibu. Mtu wa mjini anaweza kushangaa, lakini kwetu ujumbe wa msiba haujibiwi. Huulizi "una uhakika?" Kumuuliza mfiwa maswali ni kumtukana. Ukiambiwa, unasimama. Unajifunga kanga, unachukua unga, unaondoka, na kunyamaza kwako ndilo jibu lenyewe: niko njiani. Na kwa sisi Waislamu ndiyo zaidi, maiti hawekwi kumngoja mtu apange safari yake. Mama aliacha jembe pale pale kwenye tuta. Akapanda boda mpaka mjini, akadandia lori la mizigo, akaenda Ruangwa na unga wake kichwani, na mimi mwanawe niko ndani ya mlango wa chuma nakunywa maji baridi.

Alianza kulia tangu barabarani, kama inavyotakiwa. Mikono kichwani, anamtaja kaka yake na sifa zake zote. Wanawake majirani wakasikia, wakatoka mbio, wakaunga kilio bila kuuliza. Wakaingia uani kundi zima. Na mjomba yuko pale kwenye mkeka, kanyoosha miguu yake iliyovimba, anakunywa uji.

Mjomba mwenyewe alinisimulia baadaye kwenye simu, anacheka mpaka anakohoa. "Mama yako kaniona, kaanguka. Nikamwambia dada, inuka, umekuja na unga, si ndiyo? Basi songeni ugali tule tanga langu mwenyewe nikiwepo. Wangapi wanapata bahati hiyo?" Na kweli wakapika, wakala. Mjomba alikuwa mtu wa namna hiyo.

Ila mke wake hakucheka. Wifi yake mama ni mwanamke wa maneno machache, na siku hiyo aliyatumia yote. "Wifi, umemlilia mume wangu akiwa hai. Uchuro gani huu umeniletea nyumbani kwangu?" Mama akamwonyesha ujumbe. Wifi hakutaka kuuona. "Simu haina mdomo," alisema. "Aliyepiga kilio ni wewe." Mama akarudi Lionja kichwa chini, na habari ikawa imeshamtangulia. Watoto wakawa wanamwita mama wa msiba hewa. Si unajua nchi hii na maneno yake: wafanyakazi hewa, miradi hewa, na sasa mama yangu akapewa msiba hewa.

Aliponisimulia alikuwa na aibu. Aliona aibu yeye! Akanipa simu nisome. Namba ilikuwa ngeni, lakini ule mpangilio wa maneno niliutambua. Nilishawahi kuona Daktari na dada wa takwimu, msichana aliyekuja naye kutoka Dar, wakibishana kama wanakijiji wanasema "habari za majonzi" au "taarifa ya msiba". Nilidhani wanatunga somo.

Kesho yake niliingia ofisini kwa Daktari bila kugonga.

"Ule ujumbe wa msiba ni wenu?"

"Aa, ule." Akatabasamu. "Hilo ni jaribio letu la kwanza. Ujumbe umefanya kazi vizuri sana."

"Umefanya kazi vizuri? Mama yangu kaenda Ruangwa kumlilia mtu aliye hai!"

Akaniomba nikae. Sikukaa. Akanieleza kwamba kibali kipo, kwamba kamati ya maadili ya chuo ililipitia, kwamba washiriki walikubali kuingia kwenye utafiti wa usalama wa simu. Nikamwambia walikubali kufundishwa, hakuna aliyekubali kufiwa.

"Dada, mwizi haombi ruhusa," alisema. "Tukiomba ruhusa hatutapima kitu."

"Kwa hiyo ninyi ni wezi?"

"Tunajifanya."

"Basi mmejifanya mpaka mmekuwa."

Hata hapo hakukasirika. Akageuza skrini yake anionyeshe, kana kwamba ananipa pole. Kulikuwa na alama za kijani na nyekundu. Nyekundu ni aliyetuma hela, kijani ni ambaye hakutuma. "Tazama, mama yako ni kijani," alisema. "Hakudanganyika. Lionja karibu yote ni kijani, hatukutegemea kabisa." Na kweli, nilipouliza baadaye kijijini, nusu ya kijani ile ilikuwa barabarani siku hiyo, imebeba unga. Mwingine alifika mpaka Ruangwa mjini akazunguka msikiti kwa msikiti akiuliza kuna maiti gani. Mashine yao haikuwa na rangi ya mtu aliyejifunga kanga akaondoka.

Nilimwambia hivyo. Akasema ni hoja nzuri, ataiandika kwenye mapungufu ya utafiti. Nilitamani nimtupie kile kiyoyozi.

Mtaniuliza kwa nini sikuacha kazi. Kwa sababu nilikuwa nakula, nyie. Na kwa sababu Daktari aliahidi kwamba kinachofuata ni mafunzo matupu, bila hila, na nikaona bora niwepo mimi kuliko asiwepo mtu wa kuwasimamia.

Mafunzo yalifanyika Lionja chini ya turubai la shule. Daktari aliwaambia watu ukweli kwamba ujumbe ule ulikuwa jaribio, akasema kwa lengo jema, akaomba wawapigie makofi wote waliokuwa kijani. Watu wakapiga makofi, tena kwa adabu. Kisha akaanza. Msiamini msiba wa kwenye simu. Namba ngeni, hiyo alama ya kwanza. Anasema simu yake imezima, alama ya pili. Ana haraka, alama ya tatu. Ukiona hizo tatu, usipokee simu ya namba hiyo, usiende, hakiki kwanza. Piga namba unayoijua. Ukishindwa, tutumie ule ujumbe kwenye namba yetu ya bure, sisi tutashughulika naye.

Mfugaji mmoja wa Kisukuma, katika wale waliohamia na ng'ombe wao, akainua fimbo. "Sasa Mheshimiwa, mtu akifa kweli, na simu yake imeisha chaji, na yuko haraka kwa sababu maiti anaoza, atatumaje?" Watu wakacheka. Daktari naye akacheka, akasema swali zuri. Akaita swali lingine.

Mama alikaa mbele kabisa. Hakucheka. Alikuwa anasikiliza kama mtu anayepewa dawa. Jioni aliniomba nimwekee ile namba ya bure, akaniomba nimfundishe jinsi ya kuhamisha ujumbe, bonyeza hapa, kisha hapa, mpaka akaweza mwenyewe. "Hawanipati tena," alisema. "Mimi si mtoto wa kuchekwa na watoto." Mungu wangu, jinsi alivyokuwa na bidii.

Baada ya hapo mambo yalitulia. Korosho zikaanza kudondoka, kila mtu akawa shambani, sisi ofisini tunatazama skrini kubwa ya ukutani waliyoifunga kuonyesha taarifa kutoka vijijini. Hakuna aliyetuma. Daktari alianza kusema kwamba jamii haina utamaduni wa kuripoti. Nilimjibu kwamba jamii iko inaokota korosho.

Kisha siku hiyo. Ilikuwa mchana, tumetoka kula, jua linaunguza bati. Dada wa takwimu akapiga ukelele. "Wa kwanza! Lionja! Jamani, wa kwanza!"

Wakakusanyika kwenye skrini, wanapiga makofi. Daktari alitoka ofisini kwake karibu anakimbia. Ujumbe ulikuwa umeandikwa kwa herufi kubwa ukutani, na Daktari akausoma kwa sauti huku akionyesha kwa kalamu. "Shangazi, baba ametutoka alfajiri. Mazishi saa kumi. Simu yangu imezima, natumia ya jirani. Tunakusubiri." Akatugeukia, macho yanang'aa. "Mnaona? Namba ngeni. Simu imezima. Haraka. Alama zote tatu, na mwanakijiji amezinasa zote tatu!"

"Ila huu si wetu," alisema dada wa takwimu. "Sisi hatujatuma kitu."

"Ndiyo uzuri wake," alisema Daktari. "Huyu ni tapeli wa kweli. Tumemzuia tapeli wa kweli."

Namba ya aliyeripoti ilikuwa imefichwa, zikabaki tarakimu za mwisho. Tarakimu hizo nimezipiga tangu nilipopata simu yangu ya kwanza. Mama yangu. Na duniani kuna mtu mmoja tu anayemwita mama yangu shangazi.

Nilisikia mtu anasema, "Huyo si tapeli. Ni mjomba wangu." Sauti ilikuwa yangu.

"Nani?" aliuliza Daktari, bado anatabasamu.

"Aliyekufa!"

Sikungoja anijibu. Nilitoka, nikafungua kile kijumba cha bati, simu yangu ilikuwa imejaa simu za binamu yangu, mtoto wa pekee wa mjomba, tangu asubuhi. Nilimpigia kwa ile namba ya jirani. Alipokea haraka. "Dada, mmefika wapi? Tulitaka kuzika adhuhuri, wazee wakasema hapana, dada mtu aje kwanza. Shangazi hajajibu kwa hiyo tunajua yuko njiani." Nikasema ndiyo, tunakuja. Ningesema nini?

Boda aliyenipeleka Lionja nilimtukana njia nzima aongeze mwendo, na aliongeza, maskini, na akavumilia. Mama nilimkuta uani anaanika makopa ya muhogo. Aliponiona alisimama, akapiga makofi.

"Umeona? Umeona nilivyowanasa? Walidhani nimesahau!"

"Mama, kaa chini."

"Wamesemaje huko ofisini?"

"Mama, ule ni wa kweli. Mjomba ametutoka."

Akanitazama. Kisha, na hili ndilo nitakalolipeleka mpaka kaburini, akacheka. Alinitikisia kidole. "Na wewe! Wamekutuma na wewe? Wamemtumia mwanangu mwenyewe wa kumzaa?"

"Wallahi Mama, sijatumwa."

"Una haraka," alisema. "Hiyo ni alama ya tatu."

Nilimshika mabega, akaitoa mikono yangu. Nililia, akasema hata ule ujumbe wa kwanza ulimliza. Nilimwambia nimeongea na binamu kwa mdomo wangu, akauliza kwa namba ipi, nikasema ya jirani, akatikisa kichwa kama mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi mjinga. Yote waliyomfundisha alikuwa nayo. "Nahakiki kwanza," alisema. "Napiga namba ninayoijua." Akatoa simu, akafungua ile raba, akaifunga tena, akapiga ya wifi yake. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita. Mwenye msiba gani anashika simu, eda ndiyo inamwanza? Jua lilikuwa linashuka juu ya mikorosho na mama yangu amesimama wima na kiswaswadu sikioni, anafuata maelekezo.

Wifi alipokea hatimaye. Hakusema halo. Alisema tu, "Wifi, uko wapi?" na nyuma yake nikasikia, hata mimi niliyekuwa pembeni, wanawake wanalia.

Mama aliiacha simu ikaanguka kwenye makopa. Hakupiga kilio. Aliingia ndani akachukua kanga, akatoka, akapanda boda bila unga.

Tuliingia Ruangwa wanaume wanarudi makaburini, suruali zimekunjwa, wanakung'uta udongo mikononi. Binamu yangu alituona, akasimama katikati ya njia. Hakuuliza kitu. Alisema, "Tulingoja mpaka tukashindwa, Shangazi," kisha akatangulia mbele.

Uani walikuwepo wanawake kwenye mikeka, na mtani mmoja. Mnajua watani wetu kwenye misiba. Huyu ni mama mnene, jirani, alikuwa ameshavaa koti la mjomba na kofia yake, anatembea na fimbo yake huku anachechemea kama yeye, na watu wanacheka katikati ya machozi, ndiyo kazi yake. Alipomwona mama alisimama, akaegemea ile fimbo vile vile mjomba alivyokuwa akiegemea.

"Weee dada mtu!" alisema. "Umefuata nini? Si ulishakuja ukalia ukamaliza? Ukapika na ugali, tukala, nikashiba mimi. Zamu yako ilishapita wewe. Nenda nyumbani, waachie wenzio walie."

Watu walicheka, kwa sababu ni mtani, na mtani hakasirikiwi. Mama naye ilimpasa acheke, na alicheka, akicheka akawa anatafuta mkeka kwa mkono mpaka akaupata, akakaa. Wifi yake alisogea akamwachia nafasi, lakini hakumshika mkono. Mama hakuinuka pale mpaka giza. Hakuniuliza kaka yake alikuwaje usoni, na hakumuuliza mtu mwingine yeyote.

Nilirudi kituoni siku moja tu, kukabidhi kadi ya mlango. Daktari alisimama, akanipa pole, kwa kweli alionekana ameguswa. Kisha, sauti ile ile ya upole, akaniuliza kama familia ingekubali kisa kile kiingie kwenye ripoti, bila majina bila shaka, kwa sababu kinaonyesha kwamba mafunzo yanabadilisha tabia kweli kweli. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikayarudia kwa dada wa takwimu, nikamwambia na mlinzi awaambie wengine watakaokuja. Nilipotoka sikufunga mlango, ukajifunga wenyewe.

Sasa nauza vocha na kutengeneza simu kwenye kibanda karibu na soko, na mama ninamfuata Lionja kila ninapopata nafasi. Juzi tulikuwa tunabangua korosho za kula, simu yake ikalia mlio wa ujumbe. Alisoma polepole, midomo ikicheza, kisha akanipa. Namba ngeni. Ndugu yetu wa mbali kidogo, wa kule Ruponda, amefariki. Simu imezima, anatumia ya mwenzake. Njooni haraka.

"Ngoja kwanza, Mama," nilisema. "Ngoja nipige nihakiki."

Alikuwa ameshasimama, anajifunga kanga, unga ameshaushika.

"Piga," alisema. "Mimi natangulia."